Wavu wa Sungura na Sheria ya London

Wewe uliyelikosa somo hili redioni, ukalipata humu katika karatasi, karibu. Utalisoma polepole, na pengine utafaidika kuliko waliosikia. Walio katika vikundi vya masomo wasogee karibu, na mwenye daftari alifungue.

Somo letu la leo ni la historia, lakini hatutasimulia habari za wafalme. Tutasimulia habari za wavu; wavu wa nyuzi, wa kunasia sungura pembeni mwa shamba. Najua wako watakaocheka. Watasema, je, sungura naye ana historia? Basi ningoje kidogo, maana wavu huu utatupeleka Kondoa, na Ituri, na Uyunani ya kale, tena utatufikisha London katika mwaka wa 1900, ndipo utuletee nyumbani Ugogo wakati wa njaa.

Mimi mwenyewe nilianza kuufikiri wavu huo katika mwaka wa 1974. Nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja upande wa mashariki wa Dodoma, si mbali na reli. Watu walikuwa wamekwisha kuhamia vijijini, na jioni tulifundisha wazee kusoma na kuandika. Mzee mmoja, ambaye nitamwita Babu tu kwa heshima yake, hakupenda kuandika maneno yaliyokuwamo kitabuni. Alitaka kuandika swali lake mwenyewe. Tukamwonyesha herufi moja moja, naye akaandika ubaoni kwa mkono uliotetemeka: SHAMBA LANGU KARANGA ZANGU SUNGURA WA NANI. Darasa zima likacheka, mimi pia nikacheka. Yeye hakucheka. Baada ya darasa nikamfuata nyumbani kwake, nikamwuliza maana yake nini, naye akanieleza muda wa saa mbili.

Lakini kabla ya kukupa maneno ya Babu, yafaa umjue kwanza sungura mwenyewe, maana watu wengi hudhani wanamjua kwa sababu ya hadithi. Katika hadithi zetu sungura humshinda simba, humdanganya fisi, hukimbia na mzigo wa mwenzake. Sungura wa kweli wa uwanda wetu wa kati hana maneno. Mchana hulala juu ya ardhi, chini ya majani au kivuli cha kijiti, ametulia hata unaweza kumkanyaga. Wala hachimbi shimo. Yule achimbaye shimo ni sungura wa Ulaya, ambaye asili yake ni nchi za Hispania, naye ndiye huyu tunayemfuga katika vibanda. Huko kwenye miamba na vilima yuko mwingine mwekundu kidogo, naye hujificha katika nyufa za mawe. Jambo hili la shimo ni kubwa kwa mtega wavu. Wazungu waliweza kutandaza wavu mdogo juu ya tundu, wakaingiza mnyama mfano wa nguchiro ili kumtoa sungura. Hapa kwetu hakuna tundu la kuzibwa. Ni lazima ujue njia yake.

Na njia yake ni hii. Jua likichwa, hutoka kichakani kwenda mahali penye majani mabichi. Mvua zinapoanza, majani mabichi kuliko yote ni yale ya mkulima: kunde changa, karanga changa, njugu mawe. Wewe uliyelima Ugogo wajua tabu ya mvua zetu. Huja mwezi wa Desemba, huondoka Aprili, na mwaka mzima hazipiti sana milimita 600, tena mara nyingi hazifiki. Mbegu iliyoota mara ya kwanza ikiliwa, huenda pasiwe na mvua ya kuotesha ya pili. Sungura mmoja hali sana. Lakini yeye hukata mche chini kabisa, na hurudi kila usiku mahali pale pale mpaka aumalize mstari. Akishtuliwa, hakimbii ovyo. Hurudi kichakani kwa njia ile ile aliyojia. Siri yote ya wavu imo katika sentensi hiyo.

Sasa, kwa nini historia ya wavu ni ngumu kuijua? Kwa sababu wavu huoza. Mkuki una chuma, nacho chuma hukaa ardhini. Mshale una ncha. Hata mchoro hukaa: ukienda Kolo na sehemu nyingine za Kondoa utaona picha za wanyama na watu na pinde, zilizochorwa katika mapango kabla ya babu zetu wengi kufika nchi hii. Bibi Mary Leakey alikuja kuzinakili katika mwaka wa 1951, na mwaka wa 2006 michoro hiyo ikaandikwa katika Urithi wa Dunia. Lakini kamba huliwa na mchwa. Wavu ukichakaa hutupwa, na baada ya mvua mbili hakuna aliyepo kushuhudia kwamba ulikuwapo. Ndiyo maana tukitaka habari zake yatupasa tuwaulize wazee, na tusome sheria zilizoukataza. Ni ajabu, lakini mara nyingi sheria ya kukataza kitu ndiyo cheti cha kuzaliwa kwake.

Tena tusidanganyane kwamba kila kabila lilikuwa na wavu. Wasandawe na Wahadza, majirani zetu wa kaskazini na magharibi, ni watu wa upinde. Babu naye aliniambia kwamba baba yake aliwinda kwa mbwa, rungu na tanzi. Kamba walikuwa nazo nyingi, maana nchi hii ni nchi ya mibuyu. Ganda la mbuyu hubanduliwa, likapondwa, likatoa nyuzi ndefu zenye nguvu, na mti wenyewe haufi. Hujiponya na kuota ganda jipya. Ukipita karibu na mibuyu mizee tazama makovu yake. Kisha uko mkonge wa porini, ule wenye majani marefu manene uotao vichakani, nao pia hutoa uzi mzuri.

Mkonge wa mashamba ni mgeni. Dokta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida huko Marekani, na ilipofika pwani yetu katika mwaka wa 1893 iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yote ya Tanga, Morogoro na Kilosa, na kutokana na mashamba hayo wakazaliwa manamba. Babu alikuwa mmoja wao. Alikwenda Kilosa yapata mwaka wa 1936 ili apate fedha ya kodi, akakata mkonge. Huko akakaa kambi moja na watu wa pwani, nao wakamfundisha kufuma. Hivyo uzi ulitoka Marekani, fundo likatoka kwa wavuvi wa pwani, na wavu ukasafiri kwa gari la moshi mpaka Ugogo, ndani ya gunia la mtu aliyekwenda kutafuta kodi. Sisemi kwamba kila wavu wa uwanda huu ulikuja hivyo. Huu mmoja ulikuja hivyo.

Wavu wenyewe hufumwaje? Babu alinionyesha, nami nitajaribu kukueleza bila picha.

Kwanza uzi. Chukua nyuzi mbili za mkonge, uzikalishe juu ya paja lililo tupu, uzisukume mbele kwa kiganja mpaka kila mmoja ujisokote peke yake. Kisha rudisha kiganja nyuma, nazo zitakumbatiana, zikawa uzi mmoja. Kabla nyuzi hazijakwisha ongeza nyingine, ili pasiwe na kiungo dhaifu. Paja litachubuka siku za kwanza. Babu alipaka majivu.

Pili kipimo. Hiki ni kibao laini, upana wake vidole vitatu, yaani karibu sentimita 6. Uzi hupitishwa chini ya kibao, ukafungwa fundo juu yake, na hivyo kila jicho la wavu huwa sawa na jenzake. Macho yakiwa makubwa, sungura hupita. Yakiwa madogo mno, hugonga wavu kama ukuta akarudi nyuma. Yatakiwa kichwa kiingie, mabega yakwame. Fundo ni lile lile la mvuvi: uzi hupanda ndani ya jicho la juu, huzunguka shingo yake, hurudi chini yake wenyewe, ukabanwa kwa kidole gumba na kuvutwa. Fundo likiteleza, wavu wote ni bure.

Hapa nataka tufanye hesabu kidogo, na wale wa darasa la hesabu wanisahihishe. Wavu wa mita 40, wenye kimo cha kufika kiunoni mwa mtu, wataka macho 470 kwa urefu na 12 kwa kimo. Hayo ni macho 5,640. Kila jicho, pamoja na fundo lake, hula uzi wa sentimita 15 hivi. Zidisha: utapata mita 846. Mtu akisokota mita 30 kila jioni baada ya kazi ya shamba, atasokota muda wa siku 28, na hapo hajafunga hata fundo moja. Basi utaona kwa nini wavu haukuwa mali ya mtu mmoja. Babu alifuma kipande chake. Shemeji yake akafuma cha pili. Jirani wawili wakafuma vingine viwili, vikaunganishwa. Kila mmoja alijua kipande chake kwa alama ya kamba nyekundu au nyeusi pembeni.

Tatu kuutega, na huu ndio wavu wa kuangusha. Mchana, wanyama wakiwa wamelala, hupigwa vigingi kati ya shamba na kichaka, kimoja kila baada ya hatua tano. Kamba ya juu hukazwa toka kigingi cha kwanza mpaka cha mwisho. Wavu wote hukunjwa juu kwenye kamba hiyo, kama pazia lililopandishwa, ukashikiliwa na vijiti vidogo. Kila kijiti kimefungwa katika kamba moja ndefu ya kuvuta, na mwisho wa kamba hiyo yuko mtu mmoja amelala kifudifudi. Chini ya wavu ni wazi. Jioni sungura hupita chini yake bila kuona kitu, akaenda kula. Hata hali ya upepo huangaliwa: lazima utoke shambani uje kwa wategaji, usipeleke harufu yao kwa wanyama. Usiku wa mbalamwezi haufai.

Ikifika saa nne au saa tano ya usiku, yule mtu huvuta. Vijiti huchomoka kimoja baada ya kingine, na wavu huanguka kwa sauti ya majani makavu, shaa, toka mwanzo mpaka mwisho. Usiangushwe ukakazwa! Hilo ndilo kosa la wanaoanza. Lazima ulegee, uwe na tumbo, ili sungura akiingia ajifunge mwenyewe. Hapo ndipo wanawake na watoto, ambao wamezunguka mbali hadi upande wa pili wa shamba, huanza kuja wakipiga madebe. Sungura hukumbuka njia yake. Kazi yote, tangu kuvuta hata kuchinja, haipiti robo saa.

Nilimwuliza Babu nyama iligawanywa vipi. Akanitazama kama niliyeuliza neno la kipumbavu. Akasema, aliyepiga debe alikula sawa na aliyefuma.

Maneno hayo nilikuja kuyakuta tena katika vitabu, juu ya watu wengine kabisa. Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, Wambuti huwinda kwa nyavu zinazofumwa kwa nyuzi za mmea wa kutambaa. Kila familia ina wavu wake; nyavu za familia nyingi huunganishwa zikawa nusu duara kubwa, waume wakasimama kwenye nyavu, wake na watoto wakaswaga wanyama. Mtu aliye peke yake, hata awe na wavu mrefu namna gani, hapati kitu. Waganda nao walikuwa na nyavu, na mbwa waliovalishwa njuga. Na huku kwetu, Wazaramo walitoka kwa pamoja kuwazingira nguruwe wa mwitu, walioharibu mashamba kuliko ndege na panya.

Habari ya Uzaramo yafaa uishike, maana ni mzito wake tunaouendea. Katika mwaka wa 1997 mwanahistoria mmoja, Thaddeus Sunseri, aliandika kwamba kabla ya Vita vya Maji Maji vya mwaka wa 1905 wanaume wengi wa Uzaramo waliondolewa kwenda kazini mbali, na amri za uwindaji zikawabana waliobaki. Nguruwe wakafanya walivyotaka, njaa ikaingia, na mzigo wa kulinda mashamba ukawaangukia wanawake. Twafundishwa kwamba Maji Maji ilitokana na pamba, kodi na viboko, na ni kweli. Lakini ongeza na nguruwe.

Amri hizo zilitoka wapi? Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji tarehe 7 Mei, 1896, akitaka watu wawe na leseni na akitenga sehemu ambazo hazikuruhusiwa kuwinda. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Mei, 1900, mataifa saba yenye makoloni Afrika yalitia sahihi mapatano huko London: Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia, na Dola Huru ya Kongo. Hakukuwa na Mwafrika aliyetia sahihi. Kati ya mambo waliyopatana lilikuwamo hili: kwamba matumizi ya nyavu na mashimo ya kunasia wanyama yazuiwe kadiri iwezekanavyo. Mapatano hayo hayakupata nguvu kamili, kwa kuwa si wote walioyathibitisha, lakini yaliingia katika sheria za makoloni kimoja kimoja. Mnamo tarehe 8 Novemba, 1933, London tena, yakafanywa mapatano mengine, na nyavu zikatajwa tena pamoja na mashimo, mitego, sumu, moto na mataa ya kupofusha macho.

Wazungu wale hawakuwa wajinga. Waliogopa kwamba tembo na vifaru watakwisha, na hofu yao ilikuwa na sababu, ingawa waliomaliza tembo wengi walikuwa wenye bunduki na wafanya biashara ya pembe. Lakini kwa nini wavu? Kwa nini bunduki yenye leseni iwe uungwana, na wavu uwe uhalifu?

Chuki ya wavu ni ya zamani sana kuliko London. Katika Uyunani, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, walikuwapo watu wawili waliomfuata Sokrate. Mmoja, Xenophon, aliandika kitabu kizima juu ya kuwinda, na sehemu kubwa ni habari za sungura na nyavu: nyavu ndogo, nyavu za njiani, nyavu ndefu. Hata akasema mlinzi wa nyavu awe kijana mwepesi wa miaka kama 20, tena awe ajua Kiyunani! (Sungura wa huko bila shaka walikuwa wagumu wa lugha.) Wa pili, Plato, katika kitabu chake cha sheria, alisema uwindaji wa kusifiwa ni ule wa farasi, mbwa na nguvu za mwili, lakini yule awindaye usiku kwa nyavu na mitego asiruhusiwe mahali popote, kwa kuwa ni mvivu. Sijui kama Plato aliwahi kusokota mita 846 juu ya paja.

Maneno ya Plato yalisomwa na watoto wa mabwana katika shule za Uingereza. Na katika nchi ile sungura walikuwa na mwenyewe: alikuwa bwana wa ardhi. Sheria ya mwaka wa 1828 ilisema kwamba mtu aliyeingia usiku katika ardhi na bunduki, wavu au chombo kingine kwa nia ya kukamata wanyama ni mkosaji, na akirudia mara ya tatu aliweza kupelekwa ng'ambo miaka saba. Maskini wengi wa vijijini walijua kutandaza wavu mrefu gizani bila sauti. Kwa hiyo aliyekuja kutawala hapa kwetu alikuwa amekwisha kuuona wavu kwao, akauona mikononi mwa mwizi. Alipouona tena Uzaramo au Ugogo, jina lake alikuwa nalo tayari.

Nami nakuomba utazame tarehe nyingine. Mwaka wa 1880, yaani miaka ishirini kabla ya mapatano ya London, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyompa kila mkulima, hata aliyepanga ardhi ya mwingine, haki ya kuua sungura wanaokula mazao yake. Haki ambayo bwana wa ardhi hakuweza kumnyang'anya hata kwa mkataba. Wakulima wa kule walikuwa wameuliza swali la Babu, na Bunge lao likawajibu.

Sasa turudi Ugogo. Majeshi ya Waingereza yaliingia mji wa Dodoma tarehe 29 Julai, 1916. Kabla yao Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kwa ajili ya vita. Nao waliokuja wakachukua tena. Kisha mvua zikakosa. Njaa iliyofuata, hata kufika mwaka wa 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na kwa makadirio ya serikali ya wakati ule watu 30,000 walikufa katika watu 150,000 wa wilaya ya Dodoma. Babu alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Nilitegemea aniambie kwamba wakati huo waliokolewa na nyama ya mwituni. Akakataa. Alisema wanyama walikuwapo, lakini watu wa kuswaga hawakuwapo. Wanaume walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo, wengine wamekwenda kutafuta chakula Ukaguru na mbali zaidi, mbwa wamekufa. Baba yake na yeye walitoka wawili. "Watu wawili," aliniambia, "hawawindi sungura. Watu wawili humkimbiza tu."

Ndiyo sababu aliporudi kutoka Kilosa na wavu aliutunza kama ng'ombe. Aliutundika juu ya moshi ili mchwa wasiule. Kwa miaka mingi walitega kila mvua zilipoanza, usiku tatu au nne tu, mpaka karanga zilipokomaa majani; wala hakuna aliyewauliza. Kisha mwaka wa 1951 Tanganyika ikapata sheria mpya ya kuhifadhi wanyama. Mwaka wa 1953 mvua zilikuwa mbaya. Usiku mmoja, wavu ukiwa umekwisha kuanguka na madebe yakilia, akatokea askari mmoja na taa. Sungura walikuwa sita. Askari akasema kosa si sungura, kosa ni wavu. Vipande vyote vinne vikakatwa kwa panga na kuchomwa pale pale pembeni mwa shamba, na wenye vipande wakatozwa faini. Mmoja akauza mbuzi. Babu alisema jambo lililomwuma si faini. Ni kwamba askari aliichukua ile nyama, na asubuhi yake sungura wengine wakaja wakala karanga kama kawaida.

Sitaki uondoke hapa ukidhani kila sheria ya wanyama ni uonevu. Wavu hauchagui. Katika wavu wa Babu aliingia pia digidigi mwenye mimba, akaingia bundi, na mara moja kakakuona, ambaye walimwachilia kwa hofu na heshima. Tena baadaye ulikuja waya. Mtego wa waya haufumwi siku 28. Hukatwa dakika moja, husahauliwa porini, huua mnyama ambaye hakuna atakayemla, na mtu mmoja aweza kutega mia moja bila kuhitaji jirani wala mtoto wa kupiga debe. Mwenye waya hulisha soko la mjini. Sheria za baada ya uhuru, ya mwaka wa 1974 na ile ya mwaka wa 2009, zililazimika kumpambanisha mtu huyo, nazo zimeendelea kuweka wavu katika njia za uwindaji zilizokatazwa. Kwa hiyo, msikilizaji, niliyokueleza juu ya vigingi na vijiti ni historia. Usije ukaonekana shambani na kamba mkononi ukasema mwalimu wa redio amenituma. Ukiwa na shida ya wanyama waharibifu, nenda kwa ofisa wa wanyamapori wa wilaya yako upate shauri na kibali.

Lakini waya na wavu viliwekwa katika sentensi moja ya sheria, kana kwamba ni ndugu. Mimi naona si ndugu. Mmoja wahitaji kijiji kizima kiwe macho usiku mmoja. Mwingine wahitaji kijiji kizima kiwe kimelala.

Siku ile ya 1974, kabla sijaondoka, nilimwomba Babu anionyeshe kama alisalia na chochote. Akaingia ndani, akatoka na kile kibao cha kipimo, cha mpingo, kimelainika kama jiwe la mtoni. Askari hakukijua ni nini, basi hakukichoma. Mjukuu wake alikuwa akikitumia kupigia mistari katika daftari la shule, na mistari yake yote ilikuwa na nafasi ya vidole vitatu, mikubwa mno. Nilikuwa mwalimu wake; nilikwisha kumkemea mara mbili kwa ajili ya mistari hiyo.

Kwa mazungumzo ya vikundi juma hili: mwulizeni mzee mmoja wa kijiji chenu kamba ilisokotwa kwa nini kabla ya kamba za dukani, na nani alikula nyama ya mnyama aliyeuawa shambani. Mwandike jibu kwa maneno yake mwenyewe, msiyanyoshe. Na katika somo lijalo tutasikia habari za chumvi ya Ugogo na misafara iliyokuja kuinunua.